Jalidi ya Kinangop, Karai la Kibokoni

Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika na sisi tunalala madirisha wazi, jirani yangu mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, hupunguza ukubwa wa viazi karai vyake. Bei haigusi. Hesabu yake ni kwamba bei ikipanda mteja hugomba, lakini kiazi kikipungua mteja huongeza ukwaju na pilipili, akala, akaenda zake. Kwa miaka kadhaa nilidhani ni ujanja wa biashara tu. Safari hii nikamuuliza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mafuta: "Bara kumeungua, mwanangu."

Kilichoungua hakikuguswa na moto. Ni jalidi, au sakitu kama wengine wanavyoiita, kitu ambacho mtoto wa Likoni au Kisauni hukijua kwenye kamusi tu. Usiku usipokuwa na wingu wala upepo, ardhi huachia joto lake likapotea angani. Hewa baridi, kwa uzito wake, huteremka mabondeni ikatuama kama maji ndani ya sinia, na kabla ya alfajiri maji yaliyomo kwenye jani la kiazi yameganda. Jua likitoka, jani hulegea na kuwa jeusi, utadhani limemwagiwa maji yanayochemka. Kiazi tunachokijua hakivumilii zaidi ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kati ya Desemba na Februari, anga inapokuwa kavu, usiku wa namna hiyo huiangukia nyanda za Kinangop na Ol Kalou, huko Nyandarua, na Januari 2012 jalidi ilifika hata kwenye chai ya Kericho na Nandi.

Sisi hatuioni. Tunaionja tu kwenye sahani.

Maana Mombasa haina kiazi chake. Mmea ukiupanda hapa waweza kuota na kunawiri majani, ila chini hukuti kitu, kwa sababu kiazi hujitunga pale usiku unapokuwa na ubaridi, na usiku wetu hauna. Mbatata zinazoshushwa sokoni Kongowea zimesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Nyandarua, Nakuru au Meru, zikiwa ndani ya gunia ambalo kanuni za serikali zinasema lisizidi kilo 50 na ambalo mara nyingi hufika limejazwa kupita mdomo na kuvikwa kilemba cha wavu. Ukifungua gunia hilo, uwezekano mkubwa ni kwamba utakuta aina moja: Shangi.

Kuna wazo ambalo humpendeza kila anayelisikia kwa mara ya kwanza. Milimani Andes, huko Peru na Bolivia, kiazi kilikotoka, wakulima hulima viazi penye jalidi ya mara kwa mara. Basi tulete mbegu za viazi hivyo, tuzipande Kinangop, mambo yaishe. Hata kusafirisha si kazi, kwa kuwa mbegu yenyewe ni ndogo kama ya mchicha na mkoba mmoja watosha shamba zima. Mimi ni mmoja wa waliopendezwa. Lakini kadiri nilivyolichimba wazo hili, ndivyo nilivyoona kwamba tunalitazama kwa upande wa mgongo. Mbegu hiyo haitatuletea aina ya kiazi. Itatuletea kazi ya kuchagua, na kazi hiyo hapa kwetu haina mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno mbegu. Mkulima wa Nyandarua ukimtajia mbegu ya viazi, anakuelewa viazi vidogo vya ukubwa wa yai la kuku, vilivyochipua. Hiyo kwa hakika si mbegu. Ni kipande cha mama. Ukipanda Shangi unapata Shangi, yuleyule, na maradhi yake yaleyale kama alikuwa nayo. Mbegu halisi iko juu, ndani ya tunda. Aina nyingi za viazi zikishatoa maua hufunga vitunda vya kijani vilivyo kama nyanya ndogo. Watoto wa bara huvirushiana, na heri wavirushe kuliko kuvila, kwani vina sumu. Kimoja chaweza kubeba mbegu 200 au zaidi, na gramu moja ya mbegu ni punje kama 1,500. Hekta moja inayohitaji tani 2 za viazi vya kupanda inaweza kupandwa kwa miche iliyotokana na gramu 100 hivi za mbegu. Tena mbegu hiyo haibebi mnyauko wa bakteria, wala ile minyoo ya udongo iliyogunduliwa Nyandarua mwaka 2015, wala virusi vingi vinavyopita kwenye viazi. Nimesema vingi. Vipo vichache vinavyopita hata ndani ya mbegu, na ndiyo maana bahasha ya mbegu kutoka ng'ambo haipaswi kuingia nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, hata kama inaingia mfukoni.

Sasa twende Andes kwenyewe, kwa sababu hapo ndipo ngoma inapobadilika.

Ziwa Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Kandokando yake watu wamelima viazi kwa maelfu ya miaka, na Peru peke yake huhesabiwa aina za kienyeji kwa maelfu. Kuna kiazi chenye manundu na mashimo kiasi kwamba Waquechua, wenyeji wa huko, wamekiita llumchuy waqachi, yaani mliza mkaza mwana: bibi arusi hupewa akimenye, na mavyaa hukaa pembeni kuangalia. (Nilipomsimulia jirani yangu, alicheka hadi akasahau kugeuza viazi vyake.) Wanapanda aina nyingi ndani ya shamba moja, zimechanganywa, ili usiku wa jalidi ukipita kuna zitakazoanguka na kuna zitakazosalia.

Tena hawakutegemea mbegu peke yake kupambana na jalidi. Kandokando ya ziwa wahenga wao walichimba mifereji na kuinua matuta mapana katikati. Maji ya mfereji hulimbikiza joto la mchana na kulitoa usiku, na jani likapona. Mwanaakiolojia Clark Erickson alishirikiana na wanakijiji wa Huatta kuyafufua matuta hayo miaka ya 1980. Yanaitwa waru waru. Ndiyo, waru, kama jina la viazi kwa Wakikuyu. Ni sadfa tupu, hakuna undugu wowote, lakini sadfa ya namna hii huwezi kuiacha ikapita.

Ila viazi vyenyewe vinavyoihimili jalidi hasa, vile vya kileleni, ni vichungu. Uchungu huo ni sumu ileile ya vitunda vya kijani, na kuchemsha hakuiondoi. Waandes wana dawa yake: huvitandaza nje vikaganda usiku, mchana huvikanyaga kwa miguu kutoa maji na uchungu, kisha huvianika hadi vikauke kama vijiwe. Wanaviita chuño, na hukaa miaka bila kuharibika. Ajabu ni kwamba jalidi inayoua shamba ndiyo inayotengeneza akiba. Lakini sioni mwenye karai hapa Mombasa akianza kuvikanyaga viazi.

Halafu kuna pigo la pili, ambalo wapenzi wa wazo hili hulipita haraka. Kiazi maarufu kati ya hivyo vichungu kinaitwa kitaalamu Solanum juzepczukii, kwa heshima ya Sergei Juzepczuk, Msovieti aliyezunguka Andes miaka ya 1920 akikusanya viazi. Kiazi hicho ni mtoto wa ndoa ya kiazi cha kulimwa na kiazi mwitu, Solanum acaule, ambacho huota hata zaidi ya mita 4,000 juu na kuvumilia baridi ya nyuzi 5 na zaidi chini ya sifuri. Kama nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi, mtoto huyo ni tasa. Kiazi cha kawaida kina kromosomu 48. Yeye ana 36, yaani seti tatu za 12, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa kwa wawili, kwa hiyo mbegu hatoi. Kwa maneno mengine, mmoja wa magwiji wa jalidi ndiye hasa usiyeweza kumpanda kwa mbegu.

Wanaotoa mbegu kwa wingi ni viazi vya Andes vya kawaida, vile vinavyoitwa andigena, ambavyo baadhi yake huvumilia baridi kidogo kuliko vyetu. Kidogo tu. Na hapa Kenya ina bahati ambayo sijasikia ikitajwa vya kutosha. Vilipofika Ulaya karne ya 16, viazi hivyo viliduwazwa na mchana mrefu wa kiangazi. Vimezoea mchana wa saa 12 hivi, na bila hapo havitungi viazi hadi majira yanapokaribia kwisha. Ilichukua vizazi kuvifundisha. Kinangop iko karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku ni ndugu mwaka mzima. Tuliita kiazi ulaya kwa kuwa kililetwa na Wazungu, kumbe kwa asili yake kilikuwa kimeumbiwa nchi kama yetu kuliko Ulaya.

Sasa chukua mbegu hizo, uzipande. Miche 1,000 itakupa viazi 1,000 tofauti. Si kama mahindi ya dukani yanayofanana kama mapacha. Kiazi kimebeba nakala nne za kila jeni, na kila mbegu huchanganya karata upya. Huyu mrefu, yule mfupi. Huyu zambarau, yule mweupe. Huyu anakomaa baada ya miezi mitatu, yule baada ya sita. Wengi hawafai kitu. Mwaka wa kwanza kila mche hukupa vitoto vichache vyenye ukubwa wa gololi. Hapo hujapata aina. Umepata kundi la wageni, na huna budi kumhoji mmoja mmoja.

Watafiti hufanya kazi hii kwa maelfu ya miche ili kubaki na mmoja. Lakini bahati nayo ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 kijana mmoja wa Massachusetts, Luther Burbank, aliona kitunda kwenye shamba la aina iitwayo Early Rose, ambayo kwa kawaida haifungi matunda. Alikuta mbegu 23. Alizipanda zote, akabakiza mche mmoja uliomzidi kila mwenzake, akauza haki zake kwa dola 150 na kuhamia California. Kutokana na kiazi hicho ndiko kulikotokea Russet Burbank, chanzo cha chipsi nyingi za mikahawa ya Marekani mpaka leo. Kitunda kimoja, na jicho la mtu mmoja.

Jicho lililotazama nini? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walizalisha kiazi kiitwacho Lenape, chenye damu ya kiazi mwitu. Kikitiwa kwenye mafuta kilitoa krispi za rangi ya dhahabu, hata wenye viwanda wakafurahi. Kilitolewa rasmi mwaka 1967, na mwaka 1970 kikaondolewa, kwa sababu sumu yake ilikuwa juu mno. Waliochagua waliangalia rangi na mavuno, hawakuangalia uchungu. Anayetaka kuingiza damu ya kiazi cha jalidi kwenye viazi vyetu anacheza na sumu hiyohiyo, na maabara ya kuipima ni sharti, si anasa. Kiwango kinachokubaliwa ni miligramu 20 kwa gramu 100 za kiazi. Zaidi ya hapo kiazi hakifai, hata kama kimevuka jalidi kikicheka.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mkulima na mwenye karai wangetosha. Hawatoshi. Lakini maabara peke yake nayo haitoshi, na ushahidi ni Shangi mwenyewe. Shangi hakuanza kusambaa kutoka ofisini. Wakulima walimpokea, wakampenda, wakampeleka shamba kwa shamba, na serikali ikamsajili rasmi mwaka 2015 baada ya kuona hakuna namna. Alipendwa kwa kuwa anaiva upesi shambani na anaiva upesi jikoni, jambo kubwa kwa mtu anayenunua makaa. Lakini hana usingizi: haupiti mwezi kabla hajachipua, kwa hiyo mkulima hawezi kumweka akasubiri bei. Ndiyo sababu Kongowea viazi hujaa siku moja na kupotea siku nyingine. Hakuna mtafiti aliyemuuliza jirani yangu kuhusu jambo hilo, na yeye ndiye anayelilipia.

Nchi nzima kuegemea kwenye kipande cha mama mmoja ni mchezo ambao mwisho wake unajulikana. Waayalandi walipanda kiazi kiitwacho Lumper, karibu peke yake katika mashamba ya maskini, na ugonjwa wa bakajani ulipoingia mwaka 1845 haukukuta hata jani moja la kuubishia. Watu takriban milioni moja walikufa. Sisemi kwamba Shangi ataua mtu Mombasa. Sisi tuna wali, tuna muhogo, tuna mkate wa mofa. Nasema kiazi ni zao la chakula la pili Kenya baada ya mahindi, na tumeliweka kwenye kikapu kimoja chenye mpini mmoja.

Ipo njia ya mkato. Kampuni ya Solynta ya Uholanzi huzalisha mbegu chotara za viazi, ambazo miche yake hufanana, na husema gramu 25 zinachukua nafasi ya kilo 2,500 za viazi vya kupanda. Kwa usafiri na kwa afya ya shamba ni hatua kubwa, na sitaibeza. Lakini njia hiyo inaondoa bahati nasibu kwa kuufunga mlango wake. Kuchagua kumeshafanywa, tena mbali, na mkulima akitaka mbegu nyingine arudi dukani. Kama kigezo chao ni chipsi ndefu za mikahawa ya kigeni, kiazi kitakachotufikia kitakuwa cha chipsi ndefu. Tunakumbuka Januari 2022 mkahawa mmoja mkubwa wa kuku ulipokosa chipsi nchini humu, huku bara kukiwa na viazi, kwa maelezo kwamba viazi vyetu havikupita kwenye orodha yao ya ubora. Orodha ni ya anayeiandika.

Ningependa kuona orodha nyingine. Kituo cha Tigoni cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kinazijua mbegu, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima tangu 1971, kina ghala la jeni na ofisi Nairobi. Wachague wazazi wenye uvumilivu wa jalidi na sumu ndogo, watoe mbegu, na miche ikuzwe Kinangop mabondeni, pale hewa baridi inapotuama, si kwenye mteremko wa kituo ambako pana unafuu. Jalidi ifanye mchujo wa kwanza bila mshahara. Mkulima afanye wa pili: kipi kinalala ghalani miezi mitatu, kipi kinang'oka kwa urahisi. Maabara ifanye wa tatu. Na wa nne ufanyike huku kwetu, kwa sababu karai la pwani lina masharti yake. Kiazi cha karai huchemshwa kwanza, kisha huvikwa unga na kukaangwa, kwa hiyo kikiwa cha unga mno kinamumunyika kabla hakijavaa. Cha rojo kinatakiwa kimumunyike. Cha bajia kikatwe chembamba kisivunjike. Na kilichokaa kwenye baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, kikiingia kwenye mafuta kinakuwa cheusi nje na kibichi ndani, jambo ambalo mkaangaji hulijua kwa kuangalia povu tu.

Sheria yetu ya mbegu nayo ilikuwa kikwazo hapa, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu vyake mwaka 2025. Ilibishaniwa mahakamani na wakulima wenyewe, kwa sababu iliwatia hofu watu kwa kuuziana na kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa, kitendo kilekile kilichompa Shangi miguu. Wenzetu wa Peru, kwenye Parque de la Papa, yaani Hifadhi ya Viazi, karibu na Pisac, wanazitunza aina zao kwa jumuiya, na mwaka 2015 walipeleka mbegu halisi za viazi kwenye ghala la akiba ya mbegu za dunia la Svalbard, Norway. Walipeleka mbegu na si viazi, kwa kuwa kiazi huoza na mbegu hungoja.

Wakati ndio bei ya kweli ya jambo hili. Mwaka wa kwanza ni kitalu na vitoto vya gololi. Wa pili, kila kitoto kwenye shimo lake na kibao chake. Wa tatu jalidi, meno na mizani. Kiazi kimoja huzaa vinane au kumi, kwa hiyo hata ukikipata kile ulichokitaka, inakuchukua misimu kadhaa kujaza lori moja. Wafadhili wengi huchoka mwaka wa pili, picha zikishapigwa.

Januari ijayo jirani yangu atakuwa bado ananunua Shangi. Nimemwambia kwamba nikipata viazi vya majaribio kutoka Kinangop, vya kwanza vitapita kwenye karai lake, atupe hukumu. Akakubali. Hakuuliza vinatoka nchi gani wala vinastahimili nyuzi ngapi. Aliuliza vinakunywa mafuta kiasi gani.